Kompyuta ya sinema ya 4K sebuleni: kwa nini kadi ya GB 2 inaishinda ya GB 4

Ndugu wamejaa sebuleni Bigwa. TV mpya ya inchi 55 imewashwa, kompyuta ya mezani imechomekwa, na flashi yenye video ya sendofu iliyorekodiwa kwa simu kwa 4K iko tayari. Vigelegele vinasikika safi kabisa. Tatizo ni picha. Binti anaingia ukumbini kwa kurukaruka: hatua moja, picha inaganda, halafu anaonekana yuko mbali. Sauti imeshafika kwenye keki, picha bado iko mlangoni.

Mwenye nyumba anaambiwa anunue kadi ya grafiki. Dukani anaonyeshwa mbili: GT 730 ya GB 4 na GT 1030 ya GB 2. Anabeba ya GB 4, maana nne ni kubwa kuliko mbili. Anarudi nyumbani, anafunga, anawasha. Picha inaganda vilevile.

Hapo ndipo wengi tunapoingizwa mjini, hata sisi wa mji kasoro bahari. Kama unataka kujenga kompyuta ya sinema sebuleni, iwe Kihonda, Mazimbu au juu Mgeta, soma hapa kabla hujatoa hela.

4K ni kazi kubwa kiasi gani?

Skrini ya 4K ina nukta 3,840 kwa upana na 2,160 kwa kwenda chini, jumla nukta 8,294,400. Hiyo ni mara nne ya Full HD. Filamu ya kawaida hupitisha picha 24 kila sekunde, kwa hiyo kompyuta inapaka karibu nukta milioni 200 kwa sekunde moja. Video ya simu ya picha 60 kwa sekunde inafika karibu milioni 500.

Mzigo huo ukiachwa wazi haubebeki, si kwenye flashi wala kwenye bando. Ndiyo maana video zote hubanwa kwanza. Namna ya kubana na kufungua inaitwa kodeki. Ni kama kabichi za Mgeta zinavyoshindiliwa ili gari libebe nyingi: kadiri mzigo ulivyoshindiliwa, ndivyo kazi ya kuufungua inavyokuwa kubwa.

Kodeki za kuzijua ni nne:

- H.264: ya siku nyingi. Karibu kila kompyuta inaifungua. Video nyingi za Full HD ziko humu.
- HEVC, au H.265: ilipitishwa mwaka 2013. Simu nyingi hurekodi 4K kwa kodeki hii, na diski za filamu za 4K zinaitumia.
- VP9: ya Google, nayo ya mwaka 2013. YouTube huitumia sana kwenye video za 4K.
- AV1: ilitoka mwaka 2018. Inabana zaidi ya hizo zote. YouTube na Netflix wanaitumia.

Ndani ya kadi ya grafiki kuna sehemu ndogo maalumu ya kufungua video. Si ile inayochora gemu. Kama sehemu hiyo inaijua kodeki ya video yako, kazi inaisha kimya kimya na kadi haipati hata joto kubwa. Kama haiijui, kazi yote inatupwa kwa prosesa. Prosesa ya zamani ikibebeshwa 4K, feni inaanza kupiga kelele na picha inaganda.

GB zilizoandikwa kwenye boksi ni nafasi ya kumbukumbu tu. Ni kama ukubwa wa meza ya fundi: meza kubwa haimaanishi fundi anaijua kazi. GT 730, hata ikiwa na GB 4, haifungui HEVC wala VP9. GT 1030 ya GB 2 inafungua zote mbili, tena HEVC ya biti 10 inayotumika kwenye picha za HDR. Ndiyo maana ndogo inaishinda kubwa.

Kwanza jiulize: unahitaji kadi kweli?

Inawezekana huhitaji. Chomeka flashi moja kwa moja kwenye TV yako. TV nyingi za 4K za miaka ya karibuni zinafungua HEVC zenyewe. Kama video ya sendofu inacheza vizuri hapo, na wewe huna haja ya kompyuta kwa kazi nyingine, hela yako ibaki mfukoni.

Kama unataka kompyuta kwa sababu una maktaba kubwa ya video, au unataka mashine moja ya sinema, muziki na kazi za ofisi, angalia prosesa iliyomo ndani. Kwa prosesa za Intel hali iko hivi:

- Kizazi cha 4 kurudi nyuma: HEVC ya 4K ni shida. Kadi inahitajika.
- Kizazi cha 6: HEVC ya biti 8 inakwenda, ya biti 10 inasumbua.
- Kizazi cha 7 kwenda mbele: HEVC ya biti 10 na VP9 zinafunguliwa na grafiki ya ndani. Kwa watu wengi inatosha.
- Kizazi cha 11 kwenda mbele: hata AV1 imo.

Angalizo: prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, mfano i5-12400F, hazina grafiki ya ndani kabisa. Hizo lazima ziwekewe kadi.

Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa hapa kwetu ni za maofisini. Dell OptiPlex 7010 ni ya kizazi cha 3. OptiPlex 9020 na HP EliteDesk 800 G1 ni za kizazi cha 4. Ni mashine ngumu na bei yake ni poa, lakini zilitengenezwa kabla 4K haijazoeleka majumbani. Ukiwa bado hujanunua kompyuta, kuongeza kidogo upate OptiPlex 7050 yenye prosesa ya kizazi cha 7 kunaweza kukuondolea kabisa gharama ya kadi. Muulize muuzaji kizazi cha prosesa, maana 7050 nyingine zina kizazi cha 6.

Kadi zenyewe, moja baada ya nyingine

GT 710 na GT 730. Ziache. Hazifungui HEVC wala VP9, na tundu lao la HDMI ni toleo la 1.4, linaloishia 4K ya mara 30 kwa sekunde. Pia NVIDIA wameshaacha kutoa draiva mpya za kadi za ukoo huu. Zinafaa kuongeza skrini ya pili ofisini. Kwa sinema ya 4K, hapana.

GT 1030. Ilitoka mwaka 2017. Inakula wati 30 tu, haihitaji waya wa ziada wa umeme, na ina HDMI 2.0. Inafungua HEVC na VP9, haifungui AV1. Ipo fupi inayoingia kwenye keisi nyembamba, na nyingine hazina feni kabisa. Kwa OptiPlex au EliteDesk ya mtumba, hii ndiyo kadi ya kwanza kuitafuta. Zipo za kumbukumbu ya GDDR5 na za DDR4. Kwa gemu ya DDR4 ni nzito, hivyo kama bei hazipishani sana chukua GDDR5.

GTX 1050, 1050 Ti na 1650. Uwezo wa kufungua video unakaribiana na wa GT 1030, ila hizi zinacheza gemu pia. Zinafika wati 75. AV1 hazina. Zichukue kama watoto watacheza gemu kwenye mashine hiyohiyo.

AMD RX 6400. Ilitoka mwaka 2022, inakula wati 53, na ina HDMI 2.1. HEVC na VP9 zimo. Ajabu yake ni kwamba haifungui AV1, ingawa ni mpya kuliko nyingine nyingi. Kwa hiyo usidhani kadi ikiwa mpya basi inajua kila kitu.

Intel Arc A310 na A380. Nazo ni za mwaka 2022, na zinafungua kodeki zote nne. Kwa sinema ni kadi nzuri sana. Lakini Intel wenyewe wanashauri zitumike na prosesa za kizazi cha 10 kwenda mbele. Usiiweke kwenye OptiPlex 9020 halafu ukashangaa ikisumbua.

RTX 3050 ya GB 6. Ilitoka mwaka 2024, inakula wati 70, AV1 imo. Toleo lake la GB 8 lililotangulia linafika wati 130 na linataka waya wake wa umeme, kwa hiyo soma boksi vizuri. Ni nzuri, ila kama shida yako ni sinema tu, unalipia nguvu ambayo hutaitumia.

Nafasi na umeme ndani ya keisi

Kompyuta nyembamba za ofisini zina mambo matatu yanayokwamisha watu.

La kwanza ni kimo. Keisi nyembamba inataka kadi fupi. Hakikisha ndani ya boksi kuna lile bati fupi la nyuma la kufungia kadi. Kadi nyingi huja na bati refu limeshafungwa, fupi liko pembeni kwenye mfuko. Kwenye kadi za mtumba bati fupi ndilo linalopotea.

La pili ni pawa saplai. OptiPlex 7010 na EliteDesk 800 G1 nyembamba zina wati 240, OptiPlex 9020 nyembamba ina 255. Hazina waya wa ziada wa kulisha kadi, na kuzibadilisha ni kazi, kwa sababu kampuni hizi hutumia pawa saplai za maumbo yao wenyewe. Sloti ya kadi kwa kanuni hutoa mpaka wati 75, ila baadhi ya keisi nyembamba zimepangiwa chini ya hapo. Kadi ya wati 30 haikupi presha.

La tatu ni zile kompyuta ndogo kabisa, za ukubwa wa kitabu. Humo hamna sloti ya kadi. Ukinunua hiyo, grafiki iliyomo ndiyo utakayokaa nayo.

Joto la mjini, unyevu wa milimani

Mahali unapoishi kunabadilisha uchaguzi. Morogoro mjini ipo kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na Januari na Februari jasho linatoka hata usiku. Milima ya Uluguru inapanda zaidi ya mita 2,600, na upande wa mashariki, kule Kinole na Matombo, mvua inanyesha karibu mwaka mzima.

Kadi isiyo na feni ni tamu kwa sinema kwa sababu haipigi kelele, na haina feni ya kukwama kwa vumbi. Lakini inapoa kwa hewa inayopita tu. Ukiifungia kwenye kabati la TV lenye milango ya kioo pale Kihonda, hewa haipiti na kadi itachemka. Acha nafasi ya upana wa kiganja nyuma na juu ya kompyuta, na milango ya kabati iwe wazi unapoangalia. Ukishindwa, chukua ya feni, na uipulize vumbi kila baada ya miezi michache.

Kwa wa milimani, adui ni unyevu. Usiiweke kompyuta sakafuni wala kuigusisha na ukuta unaovuja. Iwashe mara kwa mara, kwa sababu joto lake dogo linakausha ndani. Mashine inayokaa mwezi mzima bila kuwashwa msimu wa masika inaweza kuota kutu kwenye miguu ya kadi.

Radi nayo si ya kuchezea. Ikianza kunguruma, chomoa waya wa umeme, waya wa antena au dishi, na waya wa intaneti. HDMI inaunganisha TV na kadi, hivyo shoti ikiingia kupitia dishi inaweza kufika hadi kwenye kompyuta. UPS ndogo inasaidia pia umeme unapopanda na kushuka.

Kwa wenye sola, pigeni hesabu. Betri ya kawaida ya volti 12 yenye Ah 100 ina Wh 1,200, na kwa betri za risasi inashauriwa kutumia nusu, yaani 600. TV ikila wati 100 na kompyuta 60, jumla 160, una saa tatu na kitu, kabla ya kutoa kinachopotea kwenye inveta. Filamu moja ya kihindi na taarifa ya habari, kwisha.

Waya na tundu: makosa ya bure

Kadi nzuri inaweza kuonekana mbovu kwa sababu ya waya. Pitia haya:

- Chomeka HDMI kwenye kadi, siyo kwenye tundu la zamani la kompyuta. Kosa hili linafanywa kila siku.
- HDMI 1.4 inatoa 4K ya mara 30 kwa sekunde. HDMI 2.0 inatoa mara 60. Filamu za picha 24 zitacheza kwenye 1.4, ila kishale cha mausi kitavuta miguu na video za picha 60 hazitakuwa laini.
- Kompyuta nyingi za ofisini zina DisplayPort badala ya HDMI. Kigeuzio cha bei ya chini kabisa mara nyingi huishia mara 30. Tafuta kilichoandikwa wazi 4K 60Hz.
- Kwenye TV, si kila tundu linapokea 4K kamili. Ingia kwenye mipangilio uwashe uwezo huo: Samsung wanauita "Input Signal Plus", LG wanauita "HDMI Ultra HD Deep Colour".
- Kwenye kompyuta, weka skrini iwe 3840 x 2160 na 60Hz. Kwa filamu, ukiweza, 24Hz, mwendo unakuwa mlaini zaidi.

Kama una sabufa au resiva ya sauti, kadi hizi hupeleka na sauti kwenye HDMI hiyohiyo. Huhitaji kadi ya sauti pembeni.

Netflix, YouTube na bando

Hapa tuambizane ukweli. Netflix wenyewe wanasema picha ya 4K inaweza kula mpaka GB 7 kwa saa, na wanashauri intaneti ya Mbps 15 au zaidi. Filamu moja ya saa mbili ni GB 14. Tatu kwa wiki ni GB 42. Kwa bando la simu huo ni msiba. Ukiwa na intaneti ya waya isiyo na kikomo, sawa.

Halafu Netflix ya 4K kwenye kompyuta ina masharti mengi: mpango wa malipo wa juu, Windows, programu wanayoikubali wao, na kinga ya HDCP 2.2 kuanzia kwenye kadi mpaka kwenye TV. Kwa kadi za NVIDIA sharti limekuwa kumbukumbu ya GB 3 au zaidi, kwa hiyo GT 1030 ya GB 2 inakosa. Hapo tu ndipo GB zinapokuwa na maana. Kama Netflix ya 4K ndiyo lengo lako kuu, tumia programu iliyomo ndani ya TV, utapumzika.

YouTube haina masharti hayo. Kujua kodeki inayotumika, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya video, chagua "Stats for nerds", uangalie mstari wa Codecs. Ukiona vp09 ni VP9, ukiona av01 ni AV1.

Namna ya kujaribu dukani

Iwe unanunua hapa mjini au umepanda treni ya SGR kwenda Kariakoo asubuhi urudi jioni, usilipe kabla ya kujaribu. Nauli ya kurudisha kadi mbovu ni yako, si ya muuzaji.

Beba flashi yenye video mbili: moja uliyorekodi mwenyewe kwa simu kwa 4K ya HEVC, na nyingine ya HDR ya biti 10. Kwenye iPhone, 4K ya picha 30 kwa sekunde kwa HEVC hula kama MB 170 kwa dakika, hivyo dakika mbili zinatosha na flashi haitajaa.

Omba kadi ifungwe kwenye kompyuta. Cheza video, kisha fungua Task Manager, ingia sehemu ya Performance, bonyeza GPU. Mchoro wa "Video Decode" ukipanda na prosesa ikabaki chini, kadi inafanya kazi. Mchoro ukilala sifuri huku prosesa ikipanda kuelekea asilimia 100, kadi hiyo haiijui kodeki ya video yako.

Fungua pia programu ya bure ya GPU-Z. Ziko kadi feki sokoni: kadi ya zamani sana inayobadilishwa jina ili kompyuta iione kama GTX 1050 Ti. GPU-Z huzitambua nyingi na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Ukiona hivyo, mshukuru muuzaji, ondoka.

Kwa kadi ya mtumba, zungusha feni kwa kidole uone kama ina ugumu, na angalia kama kuna kutu kwenye tundu la HDMI. Omba dhamana iliyoandikwa kwenye risiti, hata ya wiki mbili.

Kwa kifupi, chukua ipi?

- Una kompyuta ya kizazi cha 7 au juu yake: usinunue kadi. Nunua kigeuzio kizuri cha DisplayPort kwenda HDMI.
- Una OptiPlex au EliteDesk ya kizazi cha 3 au cha 4: GT 1030.
- Mashine hiyohiyo na gemu pia: GTX 1650 fupi, ukishahakikisha pawa saplai na sloti zinaibeba.
- Una kompyuta ya kizazi cha 10 na unataka AV1: Arc A310 au A380.
- Unaangalia Netflix peke yake: tumia TV.

Jambo la mwisho. Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta za kizazi cha 3 na cha 4 hazikubaliki rasmi kwenye Windows 11. Kama mashine yako ni ya umri huo, usiifunge kadi ya bei kubwa. Weka ndogo inayofungua video zako, iliyobaki ihifadhi kwa kompyuta ijayo. Na kama binti wa sendofu bado anaruka mlangoni, jaribu flashi kwenye TV kwanza. Huenda akaingia ukumbini bila wewe kutoa hata shilingi.